Pombe na mawe ya nyongo: lawama iende wapi?

Mtu akionyeshwa kwenye ultrasaundi kwamba ana mawe kwenye mfuko wa nyongo, mara nyingi swali lake la kwanza halihusu upasuaji. Linahusu bia. "Kwa hiyo dokta, pombe ndiyo basi tena?" Asiyekunywa naye ana lake: "Mbona mimi sijawahi hata kuonja?" Wote wawili wameshika imani moja, kwamba ugonjwa wowote wa upande ule wa ini na nyongo ni ugonjwa wa walevi.

Imani hiyo ina chembe ya ukweli, ila imekaa mahali pasipo pake. Mawe ya nyongo ya kawaida hayaletwi na pombe. Tena zipo tafiti kubwa zinazoonyesha kwamba wanaokunywa kidogo kidogo huyapata mawe hayo pungufu kuliko wasiokunywa kabisa. Papo hapo, pombe ikishaliharibu ini huzaa mawe ya aina nyingine. Na likija suala la kuvimba kwa kongosho, ile tezi ya kusaga chakula iliyo nyuma ya tumbo, pombe na mawe ndio washitakiwa wawili wakuu, na mgonjwa mwenye vyote viwili yuko pabaya. Haya ni mambo matatu tofauti, na fujo yote inatokana na kuyachanganya.

Mawe yanatoka wapi

Nyongo inatengenezwa na ini, na ini la mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Mfuko wa nyongo, ulio chini ya ini upande wa kulia, ni ghala tu. Una urefu wa sentimita 7 hadi 10 na hubeba mililita 30 hadi 50. Kazi yake ni kufyonza maji ili nyongo iwe nzito, kisha kusubiri. Chakula chenye mafuta kikifika kwenye utumbo mwembamba, utumbo hutoa homoni iitwayo kolesistokinini. Mfuko unajikamua, na nyongo inateremka kwenda kuyavunjavunja yale mafuta.

Ndani ya nyongo mna maji, chumvi za nyongo, lesithini (aina ya mafuta), bilirubini na kolesteroli. Kolesteroli haiyeyuki kwenye maji. Inabebwa na zile chumvi pamoja na lesithini, na ubebaji huo una kikomo. Ukiendelea kuongeza sukari kwenye chai iliyopoa, inafika mahali haikorogeki tena, inalala chini ya kikombe. Kolesteroli ikizidi nayo hujitenga, inafanya chembe, chembe zinanaswa kwenye ute, na kama mfuko ni mvivu wa kujikamua, zinakaa humo miezi na miaka zikikua. Jiwe linaweza kuwa la milimita moja au la sentimita kadhaa.

Ndiyo maana wanaoongoza kwa mawe haya si wanywaji. Ni wanawake kuliko wanaume, hasa waliobeba mimba mara kadhaa, kwa sababu homoni ya estrojeni huongeza kolesteroli kwenye nyongo na projesteroni hulegeza mfuko. Ni wanene, wenye kisukari, waliovuka miaka 40, na wenye wazazi au ndugu waliowahi kuwa nayo. Wamo pia waliopungua uzito kwa kasi. Wale wanaojifungia wiki nzima na juisi tupu ili "kusafisha mwili" wanafanya kitu ambacho mfuko wa nyongo haukipendi hata kidogo: bila mafuta hakuna cha kuukamua, na nyongo inatuama.

Kuna mawe meusi pia, yanayotokana na bilirubini, ile rangi inayobaki chembe nyekundu za damu zikivunjika. Kwetu aina hii si ya kupuuzwa, maana kila mwaka maelfu ya watoto wenye ugonjwa wa seli mundu huzaliwa Tanzania, na damu yao inavunjikavunjika muda wote. Kijana wa miaka 15 mwenye siko seli anaweza kuwa na mfuko uliojaa mawe, naye ni mwembamba na hajawahi kugusa chupa. Aina ya tatu, mawe ya kahawia, hutokana zaidi na maambukizi kwenye mirija ya nyongo.

Zile tafiti zinazowafurahisha wanywaji

Mwaka 1976 watafiti wa Marekani walianza kuwafuatilia wauguzi wanawake 121,700, na mwaka 1986 wakaongeza wanaume 51,529 wanaofanya kazi za afya. Kwa miaka mingi watu hao wamekuwa wakijaza madodoso: wanakula nini, wanakunywa nini, wameugua nini. Walipoangaliwa kwa upande wa nyongo, waliokuwa wakinywa kiasi kidogo siku nyingi za wiki, tano hadi saba, walipata ugonjwa wa mawe pungufu kuliko wasiokunywa. Waliokunywa siku moja au mbili kwa wiki hawakuonyesha tofauti ya maana. Tafiti nyingine zilizofuata kwa sehemu kubwa zimeelekea upande huohuo.

Maelezo yanayotolewa ni kwamba pombe kidogo hupunguza kiwango cha kolesteroli kinachorundikana kwenye nyongo na hupandisha HDL, ile kolesteroli nzuri ya kwenye damu. Inawezekana kabisa. Lakini kabla hujaipeleka habari hii kijiweni, tazama kwanza ni nani waliolinganishwa na nani.

Katika kundi la "wasiokunywa" wamo walioacha pombe kwa sababu tayari wanaumwa. Ukiwaweka wagonjwa upande mmoja, upande wa pili lazima utang'aa. Na Mmarekani anayekunywa glasi moja ya mvinyo na chakula cha jioni mara nyingi ana kipato kizuri, bima ya afya na muda wa mazoezi. Watafiti hujaribu kuyaondoa hayo kwenye hesabu, lakini hayaishi yote.

Halafu kuna suala la kiasi, na hapa ndipo wengi wanapojipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Shirika la Afya Duniani huhesabu kipimo kimoja cha kinywaji kuwa gramu 10 za pombe halisi. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi, yaani vipimo viwili. Mtu anayekaa Jumatatu hadi Ijumaa bila kuonja, kisha Jumamosi akamaliza chupa nne, amekunywa vipimo vinane kwa usiku mmoja. Huyo hayumo kwenye kundi lililopata nafuu. Yumo kwenye lile la siku moja au mbili kwa wiki, ambalo hata kwa unywaji wa kawaida halikupata kitu, na juu yake ameongeza unywaji wa pupa. Anayekunywa gongo au chang'aa hata hesabu hii hawezi kuifanya, kwa sababu chupa haina maandishi.

Kwa maoni yangu, hata kama nafuu hiyo ni ya kweli, ni biashara ya hasara. Watu wanne kati ya watano wenye mawe ya nyongo hayawasumbui maisha yao yote. Wengi huyagundua kwa bahati wakipimwa ujauzito au figo. Pombe kwa upande wake iliwekwa mwaka 1988 katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na tumbaku, na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani likatamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Hakuna daktari mwenye akili timamu atakayekuandikia bia ili kuzuia kitu ambacho pengine kisingekuuma.

Saa saba usiku

Tuseme ni Jumamosi, baa ya mtaani. Nusu kilo ya kitimoto rosti, ndizi za kukaanga, kachumbari, bia tatu. Saa nne mtu anarudi nyumbani, analala. Saa saba usiku anaamshwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, au pale chembe ya moyo. Si ya kuchoma wala kupita. Yanapanda, yanafika kileleni na yanakaa palepale. Yanahamia mgongoni, chini ya bega la kulia. Anakaa, analala, anasimama, anainama, hakuna mkao unaomfaa. Anatapika. Baada ya saa mbili au tatu yanashuka yenyewe kama vile hayakuwapo.

Asubuhi anakwenda kuzimua na supu ya kongoro. Maumivu yanarudi. Anahitimisha kwamba ile bia ya jana haikuwa nzuri, na wiki ijayo atabadilisha aina.

Kilichotokea ni kwamba kitimoto kiliteremsha mafuta, utumbo ukatoa homoni, mfuko ukajikamua, na jiwe likajikita kwenye shingo ya mfuko. Mfuko unakamua dhidi ya mlango uliozibwa. Ndiyo yale maumivu. Jiwe likirudi nyuma, yanaisha. Supu ya kongoro ikaanzisha mchezo upya. Bia ilikuwa mezani, lakini aliyebonyeza kitufe ni mafuta. Mama aliyekula pilau ya harusini na soda angeamka saa saba ileile. Mchango wa bia ni wa polepole: kila gramu ya pombe ina kalori 7, chupa tatu za nusu lita zina zaidi ya kalori 600, na tumbo linaloota hivyo mwaka hadi mwaka ndilo linaloongeza kolesteroli kwenye nyongo.

Wengi wenye maumivu haya kwetu hupewa jina la vidonda vya tumbo, na hilo linaweza kudumu miaka. Duka la dawa linatoa omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni, maumivu yanaisha (yangeisha tu), na kila mtu anaamini dawa imefanya kazi. Anayekunywa ndiye anayechelewa zaidi, kwa kuwa pombe kweli huchubua tumbo na kila mmoja ameridhika na maelezo hayo. Maumivu yanayokuja usiku baada ya mlo mzito, yanayodumu kuanzia nusu saa hadi saa kadhaa na kwenda begani, yanastahili ultrasaundi. Uende hujala kwa saa sita hadi nane, kwa sababu mfuko uliojikamua hauonekani vizuri. Anayepitia chai ya maziwa njiani huambiwa arudi kesho. Eksirei ya kawaida haifai hapa, mawe mengi ya nyongo hayaonekani humo.

Kuna jambo la kusema kuhusu tiba za mtaani. Ushauri wa "kunywa bia uyasukume mawe" ni ushauri wa mawe ya figo uliopotea njia. Bia huongeza mkojo, na mkojo unapita kwenye figo. Haupiti kwenye mfuko wa nyongo, hakuna bomba linalounganisha viwili hivyo. (Hata kwa figo, maji ya kawaida hufanya kazi hiyo bila kumlewesha mtu.) Ule mchanganyiko wa mafuta ya zeituni na ndimu, ambao asubuhi humfanya mtu aone vidonge vya kijani chooni na kushangilia, ulichunguzwa: mwaka 2005 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha matokeo ya maabara, vidonge vile vikakutwa ni sabuni iliyotengenezwa na mafuta yenyewe tumboni. Mawe yalibaki yalipokuwa.

Kongosho ndilo la kuogopa

Mrija unaoteremsha nyongo na mrija wa kongosho hukutana na, kwa watu wengi, hutokea kwenye utumbo kupitia mlango mmoja. Jiwe dogo, tena lile dogo kuliko yote, linaweza kuteleza kutoka kwenye mfuko, likashuka na kuziba mlango huo. Vimeng'enya vya kongosho, ambavyo kazi yake ni kusaga nyama na mafuta ya chakula, vinaanza kazi hiyo ndani ya kongosho lenyewe.

Pombe hufikia mahali hapohapo kwa njia yake. Unywaji mzito wa miaka huharibu chembe hai za kongosho na kuliacha likiwa tayari kulipuka. Ukiwakusanya wagonjwa wa uvimbe wa ghafla wa kongosho karibu popote duniani, mawe ya nyongo na pombe vimewaleta wengi wao.

Maumivu haya si yale ya saa mbili. Yanakaa juu katikati ya tumbo, yanatoboa hadi mgongoni, hayaachi usiku wala mchana, mgonjwa anatapika na kupata nafuu kidogo akiinama mbele. Takriban mmoja kati ya watano hupata aina kali, inayoweza kuangusha figo na mapafu, na baadhi hufariki. Hapa hakuna kusubiri asubuhi.

Hapa pia lawama huleta madhara ya kweli. Mwanamume mwenye harufu ya pombe akifika na kongosho lililovimba, sababu imeshaandikwa kabla hajalala kitandani. Anaambiwa aache pombe, anatibiwa, anaruhusiwa. Kama hakupigwa ultrasaundi na mawe yamo, atarudi, hata akiacha pombe kama alivyoapa. Upande wa pili ni yule mama wa kwaya anayeulizwa mara tatu, mbele ya wakwe, kama huwa anakunywa kwa siri. Kila mgonjwa wa kongosho anapaswa kuangaliwa mfuko wa nyongo, mlevi na asiye mlevi. Mawe yakikutwa ndiyo chanzo, na ugonjwa si wa aina kali, ni bora mfuko uondolewe kabla hajarudi nyumbani. Na mwenye mawe anayekunywa sana ajue ana njia mbili za kufika kwenye kitanda kilekile. Kuondoa mfuko kunaziba moja tu.

Ini nalo lina sehemu yake. Pombe ikilijaza makovu, hali iitwayo sirosisi, mawe ya nyongo huongezeka sana: kwa wagonjwa hao hukutwa kwa kati ya robo na theluthi yao, na mengi ni yale meusi. Bandama iliyovimba inavunja damu kupita kawaida, ini halitoi chumvi za nyongo za kutosha, na mfuko unazubaa. Hii ndiyo ile chembe ya ukweli niliyoitaja mwanzoni. Tena mgonjwa wa namna hii upasuaji kwake ni mgumu, kwa sababu ini ndilo linalotengeneza protini za kugandisha damu.

Macho yakiwa ya njano, mkojo ukawa wa kahawia na choo kikapauka, usikubali jibu la "ni pombe hiyo" bila kipimo. Ini lililochoka linaweza kufanya hivyo. Jiwe lililoziba mrija linaweza, na saratani ya kongosho pia. Njano ikija pamoja na homa ya kutetemeka na maumivu ya upande wa kulia, mrija umeingia usaha au uko njiani, na ni hospitali siku hiyohiyo.

Mfuko ukishatolewa

Mawe yasiyouma kwa kawaida huachwa. Yakishaanza kuuma, dawa iliyo ya uhakika ni kuondoa mfuko wote, jambo alilolifanya kwanza Carl Langenbuch mjini Berlin mwaka 1882. Miaka 103 baadaye Mjerumani mwingine, Erich Mühe, aliufanya upasuaji huo kwa matundu madogo, na leo hospitali kubwa za rufaa katika nchi zetu hutumia njia hiyo. Mgonjwa mara nyingi hurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili.

Je, atakunywa tena? Pombe haipiti kwenye mfuko wa nyongo. Inafyonzwa tumboni na kwenye utumbo mwembamba, inakwenda kwenye ini, na ini ndilo linaloivunja. Kutokuwa na mfuko hakubadilishi hilo. Kinachobadilika ni kwamba nyongo sasa inachuruzika kwenye utumbo muda wote, baadhi ya watu huharisha kwa miezi, na bia inaweza kuzidisha. Wiki za kwanza ni za kukaa mbali nayo kabisa kwa sababu ya dawa: tramadol, dawa kali ya maumivu, na pombe kwa pamoja hupunguza kasi ya kupumua, metronidazole, dawa ya kuua vijidudu, huchukuana nayo vibaya na wengi hushauriwa wasubiri hadi siku mbili tatu baada ya dozi kuisha, na paracetamol ya kila siku juu ya ini la mnywaji ni mzigo mwingine.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni wale wanaokunywa kila siku, kisha kwa aibu au kwa nia njema wanaacha ghafla usiku wa kuamkia upasuaji bila kumwambia mtu. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa hutetemeka ndani ya siku ya kwanza, unaweza kupata degedege, na siku ya pili au ya tatu mgonjwa anaanza kuona vitu visivyokuwapo na kung'oa dripu, ndugu wakidhani ni dawa ya usingizi imemkaa vibaya au kuna mkono wa mtu. Hali hiyo inaweza kuua. Kwa hiyo idadi ya chupa anazotajiwa daktari wa usingizi iwe ile ya kweli, si ile anayotajiwa mke. Akiijua wiki moja au mbili kabla, ataahirisha siku ikibidi, ampunguze mgonjwa polepole, ampe vitamini B1 na dawa za kumtuliza, kisha upasuaji ufanyike.